Frateri, Leo Naona Miti



Vijana wapendwa, kabla hujaendelea kusoma chukua Biblia yako (hata ile ya kwenye simu, sina ugomvi) ufungue Injili ya Marko sura ya 8, mstari wa 22 mpaka wa 26. Mistari mitano tu. Matayo hana habari hii, Luka hana, Yohane hana. Ni Marko peke yake aliyeihifadhi, na ukiisoma unaweza kuhisi kwa nini wengine waliiacha: kwa haraka haraka inaonekana kama muujiza uliogoma mara ya kwanza.

Pale Bethsaida watu wanamletea Yesu kipofu, wanamsihi amguse. Yesu hamponyi palepale. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji. Anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamwuliza kama anaona kitu. Na yule mtu anajibu ukweli mtupu: anaona watu, ila anawaona kama miti, na hiyo miti inatembea. Yesu anamwekea mikono tena machoni. Mara ya pili ndipo anaona kila kitu sawasawa.

Niliwahi kutoa tafakari ya mistari hii kwenye jumuiya ndogo ndogo nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Niliongea dakika ishirini juu ya hatua za ukuaji wa imani, akina mama wakapiga vigelegele, nikapewa na parachichi za kuondoka nazo. Sikuwa nimeielewa. Aliyekuja kunielewesha ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa anakaa dirishani.

Ilikuwa hivi. Tukimaliza falsafa tunatumwa mwaka mmoja wa uchungaji kabla ya kurudi kusoma teolojia. Mimi nilipangiwa parokia moja ya Nyanda za Juu Kusini, baridi ya kukata masikio, na hatua chache kutoka parokiani kuna shule ya sekondari ya kata. Shule yenyewe sitaitaja. Nilianza kwa kufundisha kipindi cha dini na kulea TYCS. Lakini walimu walikuwa wachache, mkuu wa shule akamlilia Paroko, Paroko akasema, "Frateri atasaidia," na mimi nikajikuta nina vipindi vya Kiingereza vya kidato cha pili. Juu ya hapo nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha ushauri nasaha.

Niseme kidogo kuhusu hicho chumba. Mlangoni kiliandikwa kwa rangi nyeupe USHAURI NASAHA. Ndani kulikuwa na majembe, ndoo za uji, wavu wa mpira uliochanika, na viti viwili, kimoja cha kuegemea ukutani la sivyo kinakuangusha. Mwalimu aliyehusika na ushauri alikuwa ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Yaani mtu anayekuchapa asubuhi kwa kuchelewa ndiye unayetakiwa umfungulie moyo mchana. Simlaumu mwalimu yule, alikuwa na vipindi vingi kuliko saa alizokuwa nazo. Lakini sikushangaa kuambiwa kwamba tangu mwaka uanze hakuna mwanafunzi aliyegonga ule mlango kwa hiari yake.

Sasa huyu kijana wa dirishani (jina ni lake, nitamwita hivyohivyo) alikuwa na daftari safi kuliko yote darasani. Mwandiko umenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Wiki ya pili nililinyanyua daftari lake mbele ya wenzake, nikasema: tazameni kazi ya mtu. Na kila nikimaliza kufundisha nauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo Frateriii!" na sauti yake naisikia humo.

Ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Karatasi yake ilijaa mwandiko uleule mzuri. Alikuwa amenakili maswali. Swali la kwanza limenakiliwa, nukta; la pili limenakiliwa, nukta; mpaka mwisho. Alama nne kwa mia, na hizo nne ni za kubahatisha pale pa kuchagua herufi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kosa ni langu na nimeshaliungama. Nilidhani ananidharau. Nilidhani huyu ana akili na ananifanyia mzaha kwa sababu mimi ni frateri, sina kiboko. Nikamsimamisha, nikaisoma karatasi yake kwa sauti mbele ya darasa. Wakacheka. Na mimi nikacheka nao kidogo. Kisha nikaandika juu ya karatasi, kwa wino mwekundu, neno moja: UVIVU. Hakusema kitu. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Wiki ya tatu mwalimu wa darasa akaanza kumwandika mtoro.

Katekista wa kigango chao ndiye aliyenipeleka kwao. Tulimkuta bibi yake barazani anapukuchua mahindi. Nikasema, "Kamwene, bibi," akacheka kusikia frateri wa kuja anajaribu lugha yao, akatutolea vigoda. Baadaye akaniambia, "Mwanangu Frateri, huyu mtoto anasema kichwani mwake haviingii. Mimi sikusoma. Namjibu nini?"

Sikuwa na cha kumjibu. Kijana mwenyewe alikuwa chini mtoni kwenye tanuru la matofali, anabeba kwa malipo ya siku. Akaniona, akaweka chini matofali, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo Frateri."

"Marahaba. Mbona hatukuoni?"

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi Kiingereza sijui, Frateri. Tangu kidato cha kwanza sijui."

"Na Baiolojia je? Jiografia?"

"Si zote ziko kwa Kiingereza?"

"Sasa lile daftari lako?"

"Nachora. Naangalia ubaoni naona maumbo, nayachora kama yalivyo."

"Mbona nikiuliza kama mmeelewa unasema ndiyo?"

Akanitazama kama vile mtoto ni mimi. "Ukisema hujaelewa, walimu wengine wanakusimamisha mpaka kipindi kiishe. Na wenzako wanacheka." Akasita kidogo. "Hata Frateri alicheka."

Wengi wenu mnaosoma hapa mmepita njia ile, mnajua ninachosema. Miaka saba ya shule ya msingi mtoto anasoma kwa Kiswahili. Anajua sehemu za ua, anajua mzunguko wa maji, anaeleza vizuri kabisa. Akivuka tu lango la sekondari, siku hiyo ua na maji na ramani vyote vinageuka Kiingereza. Kuna majuma machache ya kumzoesha mwanzoni mwa kidato cha kwanza, halafu twende kazi. Mjadala wa lugha ya kufundishia una wenyewe, siuingilii leo. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kukaa darasani miezi kumi na nane akiwa gizani na hakuna anayejua, kwa sababu daftari lake ni safi na anaitikia ndiyo.

Usiku ule nilirudi parokiani nikiwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mmoja tu. Jamani, mimi nina shahada ya falsafa! Kuna kitabu cha Plato kinaitwa Meno, kila anayesoma falsafa anakutana nacho. Humo Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jometri, anamchorea mraba mchangani, anamwuliza mraba wenye eneo mara mbili ya huu utakuwa na upande wa urefu gani. Kijana anajibu kwa kujiamini, anakosea. Anajibu tena, anakosea. Mwisho anasema kwamba kwa kweli hajui. Na Socrates anamgeukia bwana wake na kumwonesha kwamba kijana sasa yuko pazuri kuliko alipoanza, maana mwanzo alikuwa hajui na anadhani anajua. Kutoka hapo wanaendelea hatua kwa hatua mpaka anafika.

Nilifanyiwa mtihani wa kitabu hicho. Niliandika kurasa tatu juu ya nafsi na ukumbusho, nikapata alama nzuri. Lakini kuna kitu kidogo mwanzoni kabisa sikuwahi kukiona mpaka usiku ule nilipokifungua tena kwa tochi ya simu, maana umeme ulikatika. Kabla ya kumwuliza yule kijana lolote kuhusu mraba, Socrates anamwuliza bwana wake kwanza kama kijana ni Mgiriki na anaongea Kigiriki. Basi. Swali la kwanza la mwalimu yule, miaka 2,400 iliyopita, lilikuwa kama mwanafunzi anaijua lugha ya somo. Na mimi mwenye shahada sikuwahi kuuliza. Kumbe kwenye mtihani wangu na mimi nilichora.

Turudi Bethsaida, sasa tusome na mistari ya juu yake. Wako mashuani, wanafunzi wamesahau kuchukua mikate, wananong'onezana wana mkate mmoja tu. Yesu anawauliza kama bado hawajafahamu, kama wana macho na hawaoni. Halafu anawapa mtihani wa kukumbuka: nilipomega mikate mitano mliokota vikapu vingapi? Wanajibu: kumi na viwili. Na ile saba? Saba. Majibu yote mawili ni sahihi! Alama mia kwa mia. Na bado Yesu anawauliza tena kama hawajaelewa. Wana tarakimu zote, wameshinda na Mwalimu kutwa kucha, daftari zao ni safi, na hawajaelewa.

Marko anaweka hapohapo habari ya kipofu. Baada ya wanafunzi walioonekana kujua, anakuja mtu mmoja anayethubutu kusema: nusu. Naona nusu. Hebu jiweke nafasi yake. Mbele yako yuko mtu ambaye nchi nzima inamzungumza, amekushika machoni kwa mikono yake, anakuuliza unaonaje. Adabu inakusukuma useme, "Naona, Bwana, ahsante sana," halafu urudi nyumbani ukipapasa ukuta. Angesema hivyo, angekwenda zake na miti yake maisha yote.

Lakini tumtazame na Yesu. Alimtoa nje ya kijiji kwanza. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya hilo, na ni mazuri, lakini mimi baada ya mwaka ule naona pia jambo jepesi: nje ya kijiji hakuna wa kukucheka. Halafu aliuliza. Hakudhani. Na alipopata jibu la nusu, hakumwambia kwamba wenzake wanapona mara moja yeye ana nini. Alirudia. Mwana wa Mungu hakuona aibu kurudia somo.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kidato cha pili nikaomba radhi. Si jambo dogo, niwaambie ukweli, magoti yalikuwa yanagongana. Kijana alikuwa amerudi, yuko dirishani pake, anaangalia nje. Baadaye nilimwomba ile karatasi niichane. Akagusa mfuko wa shati. "Hapana Frateri, naitunza." Sikumwuliza kwa nini, na mpaka leo sijui.

Majembe tukayahamisha. Seremala wa parokia akatutengenezea benchi mbili. Madamu wa Baiolojia, mama mmoja mwenye sauti ya chini na moyo mkubwa, akakubali kubaki siku tatu kwa wiki baada ya vipindi, bila malipo yoyote, na watoto wake wawili wakawa wanamsubiri nje wakicheza. Siku ya kwanza walikuja wanne. Nikawasimulia habari ya yule kipofu, nikawaambia humu ndani kuna sheria moja: ukiulizwa kama umeelewa na hujaelewa, unasema "naona miti". Walicheka sana. Lakini ajabu ya Mungu, neno "sijaelewa" lililokuwa haliwatoki, hili likawatoka. "Frateri, leo naona miti." "Madamu, mimi naona miti mpaka msitu." Kabla ya mwisho wa mwezi walikuwa kumi na mmoja.

Madamu alikuwa na njia yake. Siku ya usanisinuru alianza na Kiswahili, akawauliza kwa nini mahindi yaliyo chini ya mparachichi hayazai. Kijana wa dirishani alieleza dakika tano: kivuli, jua, majani kugeuka njano. Alijua mahindi kuliko sisi wote. Madamu akamwacha amalize, ndipo akageukia ubao akaandika yale aliyoyasema, kwa Kiingereza, neno moja moja, na kila neno akamwambia: hili ni lile ulilosema wewe. Nilikaa kwenye kile kiti cha kuegemea ukutani nikiona mikono inawekwa machoni mara ya pili.

Kilichotukwamisha katikati kilikuwa njaa. Saa tisa na nusu mtoto aliyetembea kilomita sita asubuhi na kunywa kikombe cha uji saa nne hana nguvu ya kujifunza lugha ya mtu. Wanasinzia. Tulifikiri ni uzembe (mnaona nilivyo mgumu kuelewa?), mpaka mmoja akasema kwa aibu. WAWATA wakaamua kwenye kikao chao: kila jumuiya kwa zamu debe la mahindi na maharage. Hapo ndipo lile benchi lilipoanza kuzaa matunda kweli.

Na hapa nimkumbuke Mtakatifu Augustino, maana vijana wengi tunamjua kwa machozi ya mama yake Monika na tunasahau kwamba alikuwa mwanafunzi aliyepata shida. Mwafrika huyu wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, anasimulia katika Maungamo kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu asichapwe shuleni, na watu wazima, hata wazazi wake, walicheka. Walicheka! Anasimulia pia kwamba Kigiriki alikichukia kwa sababu alitiwa kwa vitisho, wakati Kilatini alikiokota bila hofu, kwa maneno ya upole ya walezi na katika michezo. Mwalimu mkuu wa Kanisa la Magharibi, na Kigiriki chake hakikuwa imara mpaka uzee. Kiboko kilifanya kazi hiyo.

Halafu alipokuwa na miaka kumi na sita masomo yakasimama. Baba yake, Patrisio, hakuwa tajiri, alikuwa bado anakusanya pesa za kumpeleka Karthago. Mwaka mzima Augustino anazurura nyumbani. Unajua alichofanya mwaka huo? Ni mwaka ule wa kuiba mapeari usiku na wenzake. Tunapenda kuhubiri juu ya yale mapeari na dhambi. Ni sawa. Ila na sisi parokiani tuna vijana wangapi walio katika mwaka wao wa mapeari kwa sababu tu ya sare, kodi ya chumba, au debe la mahindi?

Aliyemwokoa kimasomo ni mtu mmoja wa mji wao aitwaye Romanianus. Miaka mingi baadaye Augustino alimwandikia kitabu akimshukuru kwamba alipokuwa kijana maskini anayekwenda kusoma, alimpokea kwa nyumba yake, kwa mali yake, na zaidi ya hayo kwa moyo wake. Na baba alipofariki, alimfariji kama rafiki. Ada na moyo vilikwenda pamoja. Romanianus hana sikukuu kwenye kalenda, wala sijawahi kukuta kigango chenye jina lake.

Nirudi kwenye kile chumba, maana kuna jambo siwezi kuliruka. Chumba kikishajulikana kuwa hakicheki, hawaji wenye shida ya Kiingereza tu. Alikuja binti mmoja wa kidato cha tatu, akakaa mwisho wa benchi siku tatu bila kufungua daftari. Siku ya nne aliomba kuongea na Madamu. Aliyoyasema siyaandiki, wala mimi sikuambiwa yote, na ni sawa nisiambiwe. Mimi ni kijana, frateri, sikufundishwa unasihi wa kitaalamu, na mlango wa chumba kile nilipokuwa humo na mwanafunzi haukuwahi kufungwa. Madamu alimpeleka kwa afisa ustawi wa jamii, na yule dada akafanya kazi yake. Nasema hili kwa viongozi wenzangu wa vijana: kuna mizigo ambayo sala yako ni ya lazima lakini haitoshi, na kumpeleka mtu kwa anayejua si kukosa imani. Hata wewe unayesoma hapa usiku chini ya blanketi na una jambo linakutisha nyumbani au shuleni: namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, wanapokea. Na kama uliacha shule, hata kwa ujauzito, jua kwamba tangu Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa kurudi. Usikubali mtu akuambie kwako umefungwa.

Mnaniandikia sana kabla ya mitihani: "Frateri niombee nifaulu." Naomba, kweli naomba, na Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, aliyekuwa mgumu wa masomo kuliko sisi wote, ananisaidia kuomba. Lakini na wewe nina ombi. Kabla ya novena, nenda kwa mtu mmoja, mwalimu, kaka, mlezi wa TYCS, umwambie somo gani unaona miti. Yesu mwenyewe hakuweka mikono mara ya pili mpaka yule mtu aliposema.

Na ninyi mliomaliza kidato cha nne, mnaosubiri kuanzia Novemba mpaka kidato cha tano kianze Julai: mko wengi, nawaona kwenye ngazi za kanisa baada ya misa ya pili na simu mikononi. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza kwenye jumuiya yako anayechora madaftari. Wewe ulikuwa kama yeye juzi tu. Yeye kukuambia wewe "sijaelewa" ni rahisi mara kumi kuliko kuniambia mimi. Mwombe Paroko chumba, mwombe mama mmoja wa WAWATA uji. Anza na wawili.

Kijana wa dirishani alivuka upimaji wa kidato cha pili, kwa shida. Kiingereza alipata D, na bibi yake alichinja kuku kwa ajili ya hiyo D. Siku ya kuaga nilipita chumbani nikamkuta peke yake anasoma. Nikachungulia daftari lake. Limekuwa baya! Maneno yamekatwakatwa, Kiswahili kimejaa pembeni, alama za kuuliza kila mahali, ukurasa mmoja kachora mhindi chini ya mparachichi na mishale ya jua.

"Frateri anataka kulinyanyua mbele ya darasa?" akaniuliza, akicheka.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono kipofu wa Bethsaida ukamtoa nje ya kijiji, uwashike mkono wanafunzi wote wanaoitikia ndiyo huku wakiwa gizani. Uwape leo mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Utusamehe sisi tuliocheka. Mtakatifu Augustino, utuombee. Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, utuombee. Amina.